Faragha na Kompyuta Katika Mitaa ya Dar es Salaam: Habari za Segerea na Jirani Zake, 1965–2024

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutaja mambo ambayo mtu hapendi yajulikane na wengine. Lipo neno siri, ambalo ni la habari yenyewe inayofichwa. Lipo sitara, ambalo ni la kile kinachofunika, kama nguo mwilini au pazia mlangoni. Na lipo faragha, ambalo ni la mahali au wakati mtu anapokuwa peke yake, au pamoja na yule aliyemchagua. Yote matatu yana asili ya Kiarabu, na hilo la mwisho latokana na shina lenye maana ya utupu, yaani kuwa wazi pasipo mtu wala kitu. Kwa muda mrefu maneno haya yalitumika kwa mambo ya nyumba, ya ndoa, ya ugonjwa na ya deni. Siku hizi yanatakiwa kufanya kazi nyingine, maana habari za mtu zimo katika mashine asizoziona, na husomwa na watu asiowajua.

Makala haya yaeleza jinsi habari za watu wa Dar es Salaam zilivyotoka katika majalada ya karatasi zikaingia katika kompyuta na simu, tangu mwaka wa 1965 mpaka 2024. Mfano unaotumika zaidi ni Segerea, kata iliyo upande wa magharibi wa mji, kupita Tabata. Jina hilo katika masikio ya Watanzania wengi ni la gereza, mahali ambapo mtu hunyimwa faragha kwa amri ya sheria, hata barua zake hupita kwanza mikononi mwa askari. Lakini huko huko Segerea ipo seminari kuu ya Wakatoliki, ambamo mapadri watarajiwa hufundishwa kutunza siri ya kitubio. Wakazi walio wengi si mahabusu wala mapadri. Habari zao hutunzwa na nani, na kwa masharti gani, ndilo swali linalochunguzwa hapa.

Hoja kuu ni hii. Wasemao juu ya kompyuta na siri za watu aghalabu huitazama mashine na mwenye mashine, yaani Serikali au kampuni. Walakini katika Dar es Salaam, baina ya raia na mashine amekuwapo siku zote mtu wa tatu: karani, mjumbe, kijana wa steshenari, wakala wa simu. Methali yasema ya kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Historia ya faragha mjini humo kwa sehemu kubwa ni historia ya kata hiyo, na ya mikono iliyoishika.

MASHINE YA HAZINA

Kompyuta ya kwanza katika Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Ilikuwa mashine ya kampuni ya ICT ya Uingereza, na kazi yake ilikuwa hesabu za Serikali. Wakati huo Segerea ilikuwa nje ya mji, mahali pa mashamba, na mkazi wake hakuwa na sababu ya kujua kwamba mashine hiyo ipo. Kama alikuwa mtumishi wa Serikali, pengine jina lake na mshahara wake vilipita humo. Kama hakuwa, habari zake zilikaa katika masjala ya bomani, katika jalada lililofungwa kwa uzi.

Mashine za Hazina hazikutimiza yaliyotarajiwa. Hesabu zilichelewa na kukosewa, wataalamu walikuwa wageni, na vipuri vilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa haba, hasa baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka wa 1973. Mwishowe Hazina ilirudia kufanya hesabu kwa mkono. Katika mwaka wa 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalum.

Yafaa kuilinganisha amri hii na jambo lililotokea kwingine karibu wakati huo huo. Katika mwaka wa 1973 Sweden ilitunga sheria ya kulinda habari za watu zilizomo katika kompyuta, na hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya namna hiyo kutungwa na taifa zima. Nchi mbili, katika muda wa miaka miwili, ziliitilia shaka mashine ile ile. Sweden iliogopa kwamba mashine itajua mno. Tanzania iliogopa kwamba itagharimu mno, tena itakosea. Katika shauri la 1974 siri ya raia haikuwa hoja. Si ajabu, kwa kuwa mashine zilikuwa chache sana, na mambo ya raia hayakuwamo. Lakini matokeo yake ni kwamba marufuku yalipolegezwa katika miaka ya 1980, kompyuta zikaanza kurudi pamoja na miradi ya wafadhili na biashara za watu binafsi, hapakuwa na mazungumzo ya awali juu ya faragha ambayo yangeweza kuendelezwa. Mashine zilirudi kama vyombo vya kazi tu, mfano wa taipureta.

BARUA, SANDUKU NA MJUMBE

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kabla ya mashine mambo ya mtu yalikuwa yamefungwa vizuri. Katika Tanzania barua haikuwa desturi kupelekwa nyumbani. Ilikwenda katika sanduku la posta, na wenye sanduku lao wenyewe walikuwa wachache. Wengine walitumia sanduku la shule, la kanisa, la msikiti, la kiwanda au la mwajiri. Barua ya mama kutoka Bukoba au Mtwara ilipita kwa karani, ikakaa juu ya meza ya mwalimu mkuu, ikapewa mtoto wa jirani, ndipo ikamfikia mwenyewe. Kabla kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 hazijaenea, wengi walihitaji pia mtu wa kuwasomea. Basi barua ilikuwa na faragha ya gundi tu, na gundi hiyo ililindwa na adabu.

Pamoja na barua alikuwapo mjumbe wa nyumba kumi. Mpango huo uliwekwa na TANU katika miaka ya mwanzo ya 1960. Mjumbe alijua nani amehamia, nani ana mgeni, nani ana ugomvi na mkewe. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka wa 1992, kazi ya kuandikisha wakazi na kutoa barua za utambulisho ilikuwa ya serikali ya mtaa, ijapokuwa katika mitaa mingi mjumbe aliendelea kuulizwa. Mtu wa Segerea akitaka kufungua akaunti ya benki, kumdhamini ndugu aliye mahabusu, au kuomba kitambulisho, huanza safari katika ofisi ya mtaa. Hapo hueleza shida yake mbele ya benchi lililojaa watu wengine wenye shida zao.

Jambo la kutazama ni kwamba mjumbe na karani walijulikana. Kama mjumbe alitoa nje maneno ya ndani, mtaa ulijua ametoka nani, na wazee walimwita. Ulinzi huo ulikuwa dhaifu, na mara nyingi uliwaumiza wanawake na wapangaji, ambao sauti zao hazikusikilizwa sana. Lakini ulikuwa ulinzi, nao ulikuwa na uso. Lugha nayo iliubeba ulinzi huo katika neno amana: habari uliyopewa ni mali ya mwenziwe uliyowekewa, nawe utaulizwa.

MAJINA YA MASHINE

Katika miaka ya 1990 mambo yalikwenda mbio. Shirika la Posta na Simu liligawanywa, Kampuni ya Simu ikasimama peke yake, na mwaka wa 1994 Mobitel ilianza kutoa huduma ya simu za mkononi. Mwaka huo huo Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni. Kabla karne haijaisha, migahawa ya intaneti ilikuwa imefunguliwa katikati ya Dar es Salaam, na baadaye ikaenea katika mitaa ya pembeni.

Maneno nayo yalitafutwa. Wataalamu wa Kenya walipendelea tarakilishi, neno lililoundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili. Wengine walileta ngamizi. Tanzania ilibaki na kompyuta, lililotoholewa, na hilo ndilo lililoshinda katika ofisi na mitaani. Barua pepe ilikubaliwa haraka, kwa kuwa ilikumbusha upepo na wepesi. Mtandao, lenye shina moja na kutanda, lilichukua maana ya intaneti nzima. Katika Desemba 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili, na hivyo ikaonekana ya kwamba karani aweza kufanya kazi yote ya kompyuta pasipo Kiingereza.

Katika juhudi hizo faragha haikusahauliwa, ila ilipewa mahali padogo. Lilihitajika jina la neno la kufungulia mashine, na wataalamu walileta nywila. Neno hili limo katika kamusi na katika programu, lakini mtaani halikushika mizizi. Watu walisema neno la siri, na baadaye, simu zilipoanza kubeba fedha, walisema namba ya siri. Tofauti hii si ndogo. Nywila ni jina la kitu. Namba ya siri ni jina na onyo kwa pamoja, kwa kuwa kila anayelitamka hutaja sharti lake. Hapa wasemaji wa kawaida walikuwa na busara kuwapita waundaji wa istilahi.

Hata hivyo onyo halikuzuia desturi. Kompyuta ya kila siku kwa mkazi wa Segerea haikuwa ile ya nyumbani, bali ile ya steshenari: chumba kimoja kando ya barabara, chenye mashine ya kutoa nakala, kompyuta moja au mbili, na kijana anayejua kuchapa. Hapo huletwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, mkataba wa nyumba, barua ya kuomba kazi, cheti cha hospitali. Maombi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo yalipohamia mtandaoni, maelfu ya wazazi walimkalia kijana huyo ubavuni wakamsomea majina yao, mapato yao, vifo vya waume zao, naye akaingiza. Yeye ndiye aliyebuni neno la siri, akaliandika nyuma ya bahasha, na nakala za karatasi zote zikabaki katika mashine yake mpaka siku atakapohitaji nafasi na kuzifuta. Hakuna aliyeiba kitu. Lakini kama mtu angetaka kuandika habari za mtaa mzima, angezipata humo kwa utimilifu kuliko bomani.

SIMU NA NAMBA YA SIRI

Katika Aprili 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini Tanzania, mwaka mmoja baada ya huduma ya jina hilo kuanza Kenya, na makampuni mengine yakafuata. Katika Julai 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Mambo haya mawili, fedha ndani ya simu na intaneti ya bei nafuu, yaligeuza maisha ya mji kuliko kompyuta zote zilizotangulia. Lugha ya mitaani ilipata maneno ya kutosha: laini, vocha, bando, kubipu, muamala, wakala, simu ndogo ikaitwa kitochi au kiswaswadu, na kubwa ikaitwa simu janja.

Wakala wa fedha alikuwa mrithi wa mjumbe, ila hakujua kwamba amerithi. Kibanda chake kilikuwa na mwavuli, kiti, simu mbili na daftari. Ndani ya daftari aliandika tarehe, jina la mteja, namba ya simu, namba ya kitambulisho na kiasi cha fedha, na mteja akatia sahihi. Daftari lilikuwa wazi. Anayetia sahihi katika mstari wa kumi na mbili aliweza kuisoma mistari kumi na mmoja ya juu: jirani yake ametoa shilingi ngapi, siku gani, na namba yake ni ipi. Kampuni ilikuwa na kompyuta zenye kufuli na walinzi. Habari zile zile zilikuwa juu ya stuli, upepo ukifungua kurasa.

Wazee wengi, na wengine wasioona vizuri, walimpa wakala simu yao pamoja na namba ya siri ili awafanyie. Mjini walicheka na kuita ushamba. Lakini tendo hilo lilifuata mantiki ya zamani: ukimpa mtu amana mbele ya watu, umemfunga. Kilichobadilika ni kwamba wakala wa leo si lazima awe wa mtaa huo. Huenda amekuja juzi, na kesho kibanda kitakuwa na mwingine. Amana ilibaki na jina lake, lakini yule wa kuulizwa alikuwa hapatikani tena.

Ndipo ukaenea ujumbe ambao karibu kila mwenye simu nchini ameupata: tapeli huandika kana kwamba mazungumzo yalikwisha kuanza, na kumwambia mtu kwamba ile fedha aitume katika namba hii. Hamjui anayemwandikia. Hutupa nyavu kwa namba nyingi, akijua ya kuwa mwisho wa mwezi miongoni mwao yupo mpangaji anayengoja namba ya mwenye nyumba. Utapeli huu hauhitaji kuvunja kufuli ya kompyuta yoyote. Watosha kujua desturi za watu. Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, iliweka namba 15040 ya kupelekea taarifa za ujumbe wa namna hiyo.

KIDOLE NA LAINI

Kusajili laini za simu kulianza mwaka wa 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya 2010 ikalifanya kuwa sharti. Mwanzoni mteja alijaza fomu na kuambatanisha nakala ya kitambulisho, na vitambulisho vilikuwa vya kila namna, hata barua ya mtaa. Kuanzia Mei 2019 usajili ulitakiwa kufanywa kwa alama za vidole, zilizolinganishwa na zile zilizomo katika hazina ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, chombo kilichoundwa mwaka 2008. Mwisho wa muda ulikuwa Desemba 31, 2019. Foleni zilikuwa ndefu mno katika ofisi za vitambulisho, na Rais Magufuli, aliposajili laini yake huko Chato mwishoni mwa Desemba, aliongeza siku 20, mpaka Januari 20, 2020.

Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: kukomesha wizi na vitisho vya simu. Kwa raia mwaminifu ilikuwa pia kinga, maana laini yake haingedaiwa na mwingine. Lakini kidole kilichunguzwa na nani? Na yule yule wa mwavulini. Mawakala wengine wasio waaminifu walimwambia mteja kwamba mashine haikushika, akandamize tena, na kumbe kila mara aliyokandamiza ilikuwa laini nyingine imesajiliwa kwa jina lake, ikauzwa kwa matapeli. Ndiyo sababu wananchi walifundishwa kupiga *106# ili waone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Mashine ya Serikali haikukosea. Ilijibu kwa haki kwamba kidole ni cha mtu huyo. Kosa lilikuwa katika kata, si katika mtungi.

Mwishoni mwa 2024 laini zilizokuwa zikitumika nchini zilikuwa zimepita milioni 80, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kila laini ina jina nyuma yake, na kila jina lina alama za vidole. Hakuna masjala yoyote ya zamani, ya Wajerumani, ya Waingereza wala ya miaka ya Uhuru, iliyopata kuwa na habari za watu wengi kiasi hicho.

Wakati huo huo sheria nyingine zilitazama upande wa makosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015, ikawapa polisi uwezo wa kudai habari zilizomo katika kompyuta kwa ajili ya upelelezi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilizitaka hata nyumba za huduma ya intaneti kuweka kamera za kurekodi wateja. Katika vyombo hivi vyote raia alitazamwa kwanza kama mtu anayeweza kukosa. Kwamba aweza kukosewa na wanaoshika habari zake, hilo halikuwa na sheria yake.

NYUMBA KUPEWA NAMBA

Mwaka 2022 ulikuwa wa kazi mbili kubwa. Katika Februari ilizinduliwa operesheni ya anwani za makazi. Barabara na vichochoro vilipewa majina, nyumba zikapewa namba, na habari zake zikaingizwa katika mfumo wa kompyuta. Segerea, ambako mtu alielekezwa kwa mti, kwa duka au kwa rangi ya geti, ilipata vibao. Katika Agosti 23 ilifuata sensa, na makarani walikwenda nyumba hata nyumba wakiwa na vishikwambi badala ya makaratasi. Neno kishikwambi, ambalo kabla ya hapo lilikuwa la wataalamu, lilienea nchini kwa muda wa wiki chache.

Haifai kuyatazama mambo haya kwa hofu tupu. Mji wenye watu 5,383,728, kama sensa hiyo ilivyohesabu Dar es Salaam, hauwezi kupeleka maji, gari la wagonjwa wala zimamoto kwa kuelekezana miti. Mwenye nyumba isiyo na namba hana sitara zaidi ya mwenye namba. Ana taabu zaidi. Jambo jipya ni kuunganika. Zamani jina la mtu lilikuwa kwa mjumbe, barua yake shuleni, deni lake dukani, ugonjwa wake hospitali, na hakuna aliyeweza kuyakusanya yote isipokuwa kwa kuzunguka mji mzima. Umbali huo baina ya majalada ulikuwa namna ya faragha, ijapokuwa hakuna aliyeiita hivyo. Namba moja ya kitambulisho, namba moja ya simu na namba moja ya nyumba zikipatana, umbali umekwisha.

DENI NA AIBU

Lililowashtua watu wa mitaani kuliko vidole na vibao lilikuwa mkopo. Katika miaka ya 2020 zilienea programu za simu zilizokopesha fedha kidogo kwa siku chache, bila dhamana. Wenye kukopa waliziweka pamoja na mikopo mingine ya riba kali wakaiita kausha damu. Programu hizo, zilipowekwa katika simu, ziliomba ruhusa ya kuona majina na namba zote zilizohifadhiwa humo, na mkopaji mwenye haraka alikubali. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe ulitumwa kwa mama mkwe, kwa mwajiri, kwa imamu au mwenyekiti wa jumuiya, hata kwa fundi aliyewahi kupigiwa mara moja, kueleza kwamba fulani ni mdaiwa na hataki kulipa.

Hapa ndipo lugha ya zamani ilipata nguvu mpya. Watu hawakulalamika kwa istilahi za sheria. Walisema wamevuliwa nguo, wameaibishwa, hawakusitiriwa. Deni katika desturi ya pwani ni jambo la kusitiriwa: mdai humwita mdaiwa kando, na akishindwa huleta mzee mmoja. Kumtangaza mdaiwa kwa wote aliowahi kuwapigia simu ni kuivunja desturi hiyo kutoka kila upande kwa mara moja. Tena walioumizwa hawakuwa mdaiwa peke yake, kwa kuwa namba za watu wasiokopa kitu zilichukuliwa pasipo wao kuulizwa. Katika Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi pasipo leseni, na kuwaonya wananchi wasizitumie.

SHERIA NA MANENO YAKE

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Haki za namna hii ziliingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984. Ibara hiyo yenyewe yaeleza kwamba utaratibu wa kuilinda haki hiyo utawekwa kwa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa Novemba 2022, yaani miaka 38 baadaye, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Kenya na Uganda zilikuwa zimetunga zao mwaka 2019. Nguvu ya sheria kama hiyo ilionekana Kenya katika Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliposema kwamba utoaji wa kadi za Huduma haukuwa halali, kwa kuwa madhara yake kwa habari za watu hayakupimwa kwanza.

Kwa wachunguzi wa lugha sheria ya Tanzania ina maana ya pekee. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria za nchi, na sheria hii ni miongoni mwa zile zilizofuata badiliko hilo. Hivyo istilahi zake hazikuwa tafsiri ya kusaidia msomaji tu, bali ndizo zenye nguvu. Sheria haikuchagua faragha kuwa jina lake. Ilichagua taarifa binafsi. Ni uchaguzi unaoeleweka, maana taarifa yaweza kuhesabiwa, kuandikishwa na kurekebishwa, hali faragha ni hali ya mtu. Anayechukua taarifa na kuamua zitumike kwa nini ni mkusanyaji. Anayezishughulikia kwa niaba yake ni mchakataji. Na mwenye habari zake ni mhusika wa taarifa. Kuchakata ni kazi ya mkonge, mihogo na samaki. Sasa ni kazi ya majina ya watu pia, na picha inayokuja akilini, ya kitu kinachopita katika mashine na kutoka kingine, si mbaya.

Walakini neno mhusika lina udhaifu. Mhusika katika tamthilia ni mtu wa kutungwa. Katika habari za polisi ni mtu wa kutafutwa. Halimwambii mama wa Segerea kwamba yeye ndiye mwenye mali. Neno mwenye, ambalo Kiswahili hulitumia kwa nyumba, kwa shamba na kwa mji, lingesema jambo hilo kwa uwazi zaidi: mwenye taarifa. Kadhalika mkusanyaji humfanya msomaji afikirie benki na kampuni za simu, asimfikirie wakala mwenye daftari wala kijana wa steshenari, ingawa mtu yeyote achukuaye taarifa za wengine katika shughuli zake yumo katika maana ya sheria. Amana, neno ambalo lingewafikia hao wote kwa siku moja, halikuingia katika istilahi hizo.

Mambo yaliyosimuliwa hapa yaonyesha hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mashine ilikuwa ya Serikali, ikaogopwa kwa gharama. Katika ya pili ilikuwa mkononi mwa kila mtu, na faragha ikaachwa ilindwe na adabu ya wale waliosimama kati, ambao mji unaokua haukuwajua tena kwa majina. Katika ya tatu sheria imekuja, ikamtaja mkusanyaji na mchakataji, ikawapa raia haki ya kujua ni habari gani zao zimeshikwa, na ya kudai zilizokosewa zirekebishwe. Kazi iliyobaki kwa Tume ni kuyafikisha masharti hayo penye mwavuli na stuli. Na kwa wataalamu wa lugha, ni kuyapa maneno ambayo mwenye daftari atayasikia na kujua ya kuwa ni yeye anayesemwa. Maana mitungi imepata mifuniko mizuri, lakini maji bado huchotwa kwa kata.